Kondoo Wasiojua Kunyima

Sijamwona mtu mwingine akinusa pumzi ya kondoo. Mwangalizi alifanya hivyo kila asubuhi ya kiangazi, mkono wa kushoto ameshika taya la mnyama, pua yake imekaribia pua ya yule kondoo, macho ameyafumba kama anayesikiliza jambo la mbali. Akimaliza alijifuta uso kwa kiganja na kwenda kwa mwingine. Nilikuwa nikipita hapo na ndoo kichwani, na nikimkuta ameinama nilisimama mpaka ainuke nimwangalie uso. Uso ukiwa umetulia, niliendelea na safari yangu. Ukiwa umekunjamana, sikuwa na amani siku nzima.

Tabia hiyo hakuwa nayo tulipohamia Mkolani. Aliipata baadaye, na nitaeleza aliipataje. Wakati ule alikuwa msimamizi wa zizi la serikali, zizi la majaribio lililokuwa ng'ambo ya wigo wetu wa minyaa, na watu wote walimwita kwa kazi yake. Kwao sikupajua, wala habari za ukoo wake sikuuliza. Mkewe alikuwa ameshafariki, binti yake ameolewa Nyegezi, naye aliishi peke yake katika chumba cha mawe kando ya zizi. Mume wangu alifanya kazi reli, stesheni ya Mwanza, akirudi nyumbani Jumamosi tu. Kwa hiyo siku nyingi za wiki mwanamume wa karibu niliyeweza kumwita nikiona nyoka alikuwa Mwangalizi, ingawa nyoka aliwaogopa kuliko mimi.

Aliogopa mambo mengi na hakuona haya kuyataja. Alifunga lango la zizi, akatembea hatua chache, akarudi kulitikisa. Aliwahesabu kondoo wakitoka malishoni, akawahesabu tena wakiwa ndani, na mara nyingi nilimsikia akiwahesabu mara ya tatu kwa Kisukuma baada ya kumaliza kwa Kiswahili, kana kwamba mmoja angeweza kujificha katika lugha. Sahani yake haikwisha chakula. Alibakiza tonge moja, akalifunika. Siku moja nilimuuliza analibakizia nini. Akasema hajui, na kwamba angelijua jambo lenyewe asingeliogopa.

Ziwa lilikuwa karibu na samaki alimpenda sana, lakini mtumbwi hakuupanda hata siku moja. Madume wawili wa kigeni walipoletwa kwa meli kutoka Kisumu, yeye ndiye aliyetumwa bandarini kuwapokea. Mume wangu alikuwapo, akanisimulia. Mwangalizi alisimama mbali na ukingo wa gati, karibu na marobota ya pamba, akawaomba makuli wamletee wanyama mpaka pale alipo. Walimcheka. Lakini madume walipomfikia, wamechoshwa na safari, mmoja akipiga kichwa ovyo, alimkumbatia shingo na kumpapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Akaja nao kwa miguu mpaka Mkolani, akiwapumzisha kila penye kivuli, na alipofika alinipigia hodi kuniomba maji ya uvuguvugu ya kuwaosha kwato.

Ndivyo alivyokuwa. Hofu yake yote ilikaa kifuani, haikufika mikononi. Watu aliwaudhi, maana alikuwa mkali kwa yeyote aliyepitisha mbuzi wake karibu na zizi, na aliwahi kumfukuza mzee mwenzake kwa fimbo kwa sababu ya nguruwe pori ambaye mzee huyo alidaiwa kumwacha apite. Kesho yake alikwenda kuomba radhi na kikapu cha mayai. Kwa kondoo hakupandisha sauti kamwe.

Fahari yake ilikuwa kuchagua. Kila mwaka mvua zilipokwisha alipita katikati ya wanakondoo walioachishwa kunyonya, akawashika mmoja mmoja. Kidole gumba kiliteremka kwenye uti wa mgongo, viganja vikapima mapaja, kisha akajiuliza kwa sauti: mama yake nani, alizaa wangapi, aliwakuza wote? Waliozaliwa pacha na wakawa wakubwa walibaki zizini. Waliozaliwa mmoja mmoja, wadogo, wenye mkia mnene wa mafuta kama kondoo wetu wa tangu zamani, walipelekwa machinjioni. Mzungu wa mifugo, ambaye tulimwita Bwana Mkubwa, alikuja mara moja kwa mwezi, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Baada ya miaka saba ya kuchagua hivyo zizi lilijaa kondoo ambao hatujapata kuwaona: warefu, wenye migongo mipana, mikia myembamba kama ya mbwa, na karibu kila jike anazaa wawili. Watu walitoka Misungwi kuja kuwatazama. Mwangalizi alisimama nyuma yao akiwasikiliza wakisifu, na mimi niliyemjua niliona jinsi alivyokuwa akijizuia asicheke.

Lakini nyuma ya chumba chake alifuga majike watatu wake mwenyewe, wafupi, wenye mikia mizito inayotikisika, na hakuwahi kuwapandisha kwa madume wa serikali. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hao ni wa kitoweo tu. Sikumwona akichinja hata mmoja.

Mwaka wa saba serikali iliamua kuwagawia jirani zetu majike wa zizi, ili mbegu ile ienee. Nyumba kumi na mbili zilipata. Mimi nilipewa wawili, na mama mmoja mjane aliyekaa ng'ambo ya mashamba ya mihogo alipewa mmoja. Huyo aliitwa Mama Kabula. Alikuwa mama mnyamavu, mwembamba, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kuni mbichi, na watoto wake wote walikuwa wameshakwenda mbali. Kwetu mama mzee mwenye macho mekundu hudhaniwa mchawi, kwa hiyo huishi kwa tahadhari. Yeye alijua hilo. Alisalimia watu kabla hawajamsalimia, hakukaa mlangoni kwa mtu, na akiombwa kitu alikitoa haraka.

Mwaka ule mvua ziliondoka mapema. Majani yakakauka kabla ya wakati, na hata ngitiri, yale malisho tunayoyafunga kwa ajili ya kiangazi, yakaliwa yakaisha. Majike wote walikuwa na mimba. Mimi pia nilikuwa na mimba. Mtoto wetu wa kwanza, Masanja, alikuwa na miaka sita, na baada yake mimba mbili zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo nilitembea kama mtu aliyebeba mayai. Mwangalizi hakuweza kuniuliza mambo ya kike, lakini alianza kuniachia karanga juu ya jiwe lililokuwa pembeni ya wigo. Tulipokutana alizungumza akitazama pembeni, akasema mwenye mzigo asile mara moja akashiba, ale kidogo kidogo, mara nyingi, wala asingoje njaa imkumbushe. Nilikasirika kidogo, nikijua maneno hayo huwaambia nani. Karanga nilizila.

Yeye mwenyewe alikonda kiangazi kile. Kila siku alikuja kuwashika mgongo majike wangu, na kila siku aliondoka bila kusema. Nikimuuliza alijibu kwamba wanene bado. Balaa lilianzia kwangu. Mmoja wa majike wangu, yule mkubwa ambaye tumbo lake lilikuwa limepanuka pande zote mbili kama mtumba juu ya punda, alianza kuacha chakula. Nilimwekea majani ya viazi, akayanusa akageuka. Kesho yake alisimama peke yake, paji la uso ameliegemeza ukutani, na nilipopunga mkono mbele ya macho yake hakupepesa. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu, kama ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nilimwita Mwangalizi. Alimnusa, na nilimwona akishika nguzo ya banda. Siku ya tatu kondoo alilala chini, akatetemeka, akafa na watoto wake ndani.

Wiki ile ile walikufa wengine katika nyumba nyingine nne. Ndani ya zizi la serikali nako walianza kufa. Na wote walikufa kwa namna moja: wanaacha kula, wanapofuka, wanaegemea kitu, wanalala. Aliyekuwa mnene zaidi na mwenye tumbo kubwa zaidi ndiye aliyetangulia.

Hapa inanibidi niseme jambo langu. Nilipokwenda kisimani wanawake waliniuliza kondoo wangu alianza vipi. Nikawaambia. Kisha nikaongeza kwamba siku chache kabla, Mama Kabula alipita kwangu, akamshika yule kondoo mgongo, akasema huyu ana mapacha. Hayo yalikuwa kweli. Sikuongeza neno la uongo. Lakini nilipokuwa nikiyasema nilijua yatasikika vipi, na niliyasema hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa na mimba na niliogopa, na nilitaka hofu yangu iwe na mtu wa kuibeba. Jioni nilisikia maneno yale yakirudi kwangu kutoka mdomo mwingine, yamekua. Ilisemekana amepita nyumba zote tano. Ilisemekana kondoo wake yeye hana lolote, anakula na kucheua, na hilo lilikuwa kweli pia, na ndilo lililowasadikisha wengi.

Habari zikafika kwa mwanangwa, mkubwa wa eneo letu. Watu walitaka Mama Kabula aondoke kabla ya mvua, na baadhi ya vijana walisema wazi kwamba asipoondoka kwa miguu atatolewa kwa njia nyingine. Mwanangwa akaweka siku ya kusikiliza.

Kwa siku tatu kabla ya siku hiyo Mwangalizi hakuonekana. Nilimpelekea uji, nikamkuta nyuma ya zizi ameinama peke yake. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa. Akaniuliza kama ni kweli wanataka kumfukuza yule mama. Nikamwambia ni kweli. Akauliza neno hili lilianzia wapi. Nikasema sijui. Alitikisa kichwa, akarudi ndani na uji wangu akauacha juu ya jiwe.

Siku ya kikao uwanja wa mwanangwa ulijaa. Mama Kabula aliketishwa chini peke yake, amejifunika kanga mpaka kidevuni. Walikuwa wamekwisha kuongea watu watatu tulipomwona Mwangalizi akija, amebeba kondoo aliyekufa mabegani, mzito kuliko yeye. Alimlaza kondoo mbele ya mwanangwa, akasalimia, akaomba ruhusa ya kusema.

Alisema huyu amekufa asubuhi ile ndani ya zizi lenye ukuta na lango, mahali ambapo Mama Kabula hajawahi kukanyaga. Kisha akatoa kisu. Alipasua tumbo, akatoa wanakondoo wawili, wakubwa, wenye manyoya tayari, akawalaza juu ya majani. Akatuonyesha mfuko wa chakula: ulikuwa umebanwa pembeni, mdogo, karibu mtupu. Mwishowe akatoa ini. Ini la kondoo tunalijua sote, ni jekundu la kukolea na gumu kidogo. Hilo lilikuwa la manjano kama samli, na alipolibonyeza kwa kidole gumba lilipondeka.

"Sumu haipo hapa," alisema. "Uchawi haupo. Kuna njaa. Amekufa njaa akiwa mnene."

Mwanangwa akamwambia aeleze vizuri, watu wamsikie.

"Kondoo wetu wa zamani, kiangazi kikija, humbania mtoto tumboni," alisema. "Mtoto huzaliwa mdogo, mmoja, na mama hubaki hai. Hula mafuta ya mkia wake polepole mpaka mvua irudi. Huyu hana mkia. Ana watoto wawili wakubwa wanaovuta kila siku, wameziba tumbo, majani hayana pa kukaa. Basi hutoa mafuta yote ya mwilini kwa mara moja ili awalishe wao, na ini haliwezi kuyameza yote. Mafuta yanalijaza, damu inaharibika, pumzi inanuka tamu, anapofuka, anakufa. Hajui kunyima." Akaliweka ini chini. "Mimi nimekaa miaka saba nikichagua wasiojua kunyima. Kila aliyetoa sana nilimweka. Kila aliyejibakizia nilimpeleka machinjioni."

Mmoja wa wale vijana akamuuliza kama anataka kusema ni yeye aliyewaua kondoo wa watu.

"Ndiyo," alijibu. "Kwa kuwachagua."

Kisha akaeleza kwa nini kondoo wa Mama Kabula yu mzima. Alikuwa amempapasa asubuhi hiyo kabla ya kuja: ana mtoto mmoja tu tumboni, na yule mama alikuwa akimlisha maganda ya viazi na michembe, vile viazi vitamu tunavyokausha, kidogo kidogo kutwa nzima, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine wala mtu mwingine wa kulisha. Mwanangwa alikwenda mwenyewe kuligusa lile ini. Alirudi akinawa mikono, akasema Mama Kabula arudi nyumbani kwake na asiguswe.

Jioni hiyo Mwangalizi alikwenda mjini kwa miguu, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyemfahamu, akarudi na sukari guru. Alikuwa ameona zizini jike mmoja aliyekwisha kuanza kuyumba akivunja ghala, akala michembe, akapona, na akili yake ikamwambia kwamba wanyama wale wanakosa kitu kitamu ambacho miili yao imekimaliza. Tuliyeyusha sukari katika maji ya vuguvugu, tukamnywesha jike wangu wa pili, ambaye naye alikuwa ameanza kuacha chakula, kwa chupa, yeye ameshika kichwa, mimi namimina. Asubuhi, mchana, jioni. Siku ya pili alicheua. Mwangalizi alipoisikia ile sauti ya kutafuna alikaa chini kwenye samadi, akafunika uso. Jike yule alizaa wawili. Katika nyumba nyingine baadhi waliwahiwa, baadhi walikwisha kufika mbali, na wengi wa zizini walikufa.

Bwana Mkubwa alipopata habari kwamba msimamizi wake amewaambia wananchi kondoo wa serikali wana kasoro, alikuja kwa gari na kumvua cheo. Msimamizi mpya alikuwa kijana mwenye cheti. Mwangalizi alibakizwa kama mchungaji wa kawaida, katika chumba kile kile cha mawe, na sisi tuliendelea kumwita jina la kazi ambayo hakuwa nayo tena. Hakuchagua mwanakondoo mwingine maishani mwake. Alipoambiwa atoe shauri alisema ana macho mazuri kupita kiasi. Ndipo alipoanza ile kazi ya kunusa pumzi, kondoo mmoja baada ya mwingine, kila kiangazi, ili harufu ikianza aiwahi.

Mimi nilijifungua mvua za kwanza, mtoto wa kike, mmoja, mwenye kelele. Mwangalizi alisimama ng'ambo ya wigo kutwa nzima, mkunga akaniambia baadaye. Alipoelezwa kwamba tuko salama wote wawili aliuliza tena, na tena, kisha akaenda kulala.

Mama Kabula hakufukuzwa, lakini sitasema mambo yalikwisha. Watu hawakumgusa, wala hawakumkaribia. Mwanangwa angeweza kuzuia mikono yao tu. Nilipokutana naye njiani nilimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa upole, akaniulizia mtoto, na kila alipouliza nilihisi maziwa yakinikauka kifuani.

Miaka ikapita. Vita vya wazungu vikaja, vikachukua vijana na ng'ombe, vikaisha. Mwangalizi alizeeka, akahamia kwa binti yake Nyegezi. Siku moja nilipeleka mihogo kwa ndugu wa mume wangu huko, nikaamua kupita kumsalimu. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kamba, mgongo ameupa ziwa, anachambua mbegu za maboga. Macho yalikuwa yamefifia. Alinitambua kwa sauti, akaniita Mama Masanja, akataka habari za kila mtu wa Mkolani kwa zamu, na kila mmoja alimwonea wasiwasi.

Sikuwa nimekusudia kusema, lakini nilisema. Nilimweleza maneno yangu ya kisimani, na jinsi alivyoniuliza yalianzia wapi nikamwambia sijui. Nilisema nimekaa na jambo hilo miaka kumi na zaidi, na kwamba yeye alisimama mbele ya watu akajitaja, nami nilikuwa nimekaa pale pale nikanyamaza.

Aliacha kuchambua, mbegu zimebaki mkononi.

"Mimi sikujitaja yote," alisema.

Akanieleza. Mwaka mmoja kabla ya balaa, kabla kondoo hawajagawiwa kwa watu, jike mmoja alikufa zizini namna ile ile. Alimpasua peke yake, akaliona ini, akaelewa nusu ya jambo. Akamfukia. Bwana Mkubwa alipouliza, alimwambia ameliwa na fisi. Aliogopa kwamba miaka yake yote ya kuchagua itaitwa upuuzi. Akajiambia ni mmoja tu, huenda ni bahati mbaya. Kisha kondoo wakagawiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewakabidhi watu kamba mikononi, akiwasifia. Alipokwenda kwa mwanangwa na kisu hakwenda kugundua kitu. Alikwenda kuonyesha alichokuwa akikijua.

"Mngejua mwaka ule, yule mama asingekalishwa chini peke yake," alisema. "Umemwambia yeye hayo yako?"

Nikasema bado.

"Na mimi bado."

Binti yake alitokeza mlangoni akauliza kama nitakula, tukamjibu sote wawili kwa pamoja kwamba hapana. Kisha Mwangalizi alimwaga mbegu chini, akapapasa fimbo yake, akasimama.

"Twende sasa," alisema, "kabla sijaogopa."

Si mbali kutoka Nyegezi mpaka Mkolani kwa mtu mwenye macho na miguu mizima. Sisi tulitumia mchana wote. Alinishika bega, na mara mbili alisimama akasema labda tumkute amelala, labda tungoje Jumapili. Nilisimama naye mpaka mwenyewe akanisukuma bega, tukaendelea. Kwa kweli kama asingenisukuma mimi ningegeuka.

Mama Kabula alikuwa uani anatwanga mtama. Alikuwa amezeeka zaidi, amekuwa mdogo, lakini mchi aliuinua vizuri. Alitukaribisha, akatutandikia ngozi, na akarudi kwenye kinu. Mwangalizi alianza. Alisema habari za yule kondoo aliyemfukia na za fisi ambaye hakuwapo. Nilipoona amemaliza nikasema yangu. Sikujitetea kwa mimba wala kwa hofu, ingawa maneno hayo yalikuwa mdomoni.

Alikuwa ameacha kutwanga. Alitutazama, yeye kwanza, kisha mimi, na kwangu alikaa zaidi.

"Tangu mwaka ule nimechota maji saa saba mchana," alisema, "ili nisimkute mtu."

Hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Aliegemeza mchi ukutani, akaingia ndani, na tulimsikia akihamisha vyombo. Alitoka na kata moja ya togwa. Alipiga magoti mbele ya Mwangalizi kwa sababu mzee huyo alikuwa ametembea mbali na hakuona vizuri, akamwekea kata mikononi, akamshikia mpaka alipokunywa. Kisha akaipokea, akaitazama ilivyobaki, akasimama nayo. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mawe. Nilisubiri nikitazama miguu yake, sikuthubutu kuinua macho zaidi ya hapo. Mwishowe ile miguu ilinigeukia, akaninyooshea kata.